Kengele Haikusikika

Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu wa Fasihi amejifungua salama, mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Tulifurahi sote chumba cha walimu. Furaha yangu ilidumu mpaka saa nne, mkuu wa shule aliponiita ofisini na kunikabidhi vipindi vyake vya kidato cha tatu hadi mwisho wa muhula. Nilimkumbusha kwamba mimi nimefundisha Hisabati miaka ishirini na miwili na sijafundisha kingine. Akasema analijua hilo, ila ratiba yangu ndiyo yenye nafasi, na kusoma najua. Nikaichukua ratiba nikatoka.

Riwaya wanayosoma ni ya mafuriko yaliyobeba mtaa wa chini wa mji huu huu, miaka hamsini na miwili iliyopita. Mwandishi wake yu hai, anakaa ng'ambo ya mto. Mimi sijaisoma. Mke wangu ameisoma mara mbili, na ameniangalia kwa huruma.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Nimesoma kurasa arobaini, sijakutana na mlinganyo hata mmoja.

Alhamisi, 7 Machi

Niliingia darasani na orodha: wahusika, mandhari, dhamira. Wakanakili kama wanavyonakili fomula wasiyoielewa, vichwa chini. Kisha akanyoosha mkono mvulana ambaye wenzake wamempachika jina la Wakili, kwa kuwa hakubali jambo bila kukata rufaa. Akauliza kama mambo haya yalitokea kweli au mwandishi ameyatunga. Nikasema sijui. Darasa zima likacheka, na haki yao. Shuleni hapa mimi naitwa Thibitisha; kila anayeniletea jibu namrudishia neno hilo moja, na leo limenirudia mwenyewe.

Jioni nikaenda kumjulia hali mzazi. Alikuwa ameketi kitandani, mtoto begani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nilimweleza yaliyonipata nikitegemea atacheka. Hakucheka. Alimtuma mumewe alete faili ya kijani iliyokuwa chini ya kikapu cha nguo za mtoto. Ndani yake mlikuwa na kurasa tisa za ripoti ya tume iliyochunguza mafuriko, vipande vitatu vya gazeti, jedwali la mvua kutoka idara ya maji, na picha moja ya daraja la zamani. Likizo mbili alizimaliza akikusanya karatasi hizo, ofisi moja baada ya nyingine, tumbo likiwa mbele.

"Kaka," akaniambia, "ripoti itakwambia wamekufa wangapi. Riwaya itakwambia asubuhi ile walikuwa wanafanya nini. Usimwache mmoja amzibe mwenzake mdomo."

Miaka sita meza zetu zimegusana, na miaka yote sita nilidhani huyu mama anawapigia watoto hadithi tu. Sikumwambia hivyo. Nimeandika hapa ili angalau nijue mwenyewe.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeugawa ubao sehemu tatu. Kushoto: riwaya inasemaje. Katikati: vyanzo vinasemaje. Kulia nikaongeza yangu: hakuna aliyesema.

Tulianza na sura ya kwanza. Riwaya inasema mvua ilinyesha siku tisa mfululizo. Jedwali la idara ya maji linasema siku sita, na katikati yake siku moja kavu kabisa. Wakili akasema basi mwandishi ni mwongo, kesi imekwisha. Ndipo binti mmoja wa dawati la mbele akaomba kusema. Huyo wanamwita Rula, kwa sababu hupigia mstari kila kitu kwa rula, hata jina lake mwenyewe. Akasema, taratibu, kwamba kwa mtu anayechota maji ndani ya nyumba yake kwa sufuria, siku sita zinaweza kuwa tisa. Neno la thibitisha lilinifika ulimini, nikalimeza.

Baadaye tukasoma ripoti. Inasema wamefariki "watu thelathini na mmoja, wengi wao wakazi wa mtaa wa chini." Basi. Riwaya ina mwanamume aliyemaliza kupaka ukuta wake chokaa asubuhi ile ile, na dada wawili waliokuwa hawasemeshani kwa ajili ya mwiko wa kupikia. Niliwauliza ni ipi kati ya hizo mbili ina habari nyingi zaidi. Nilipowatazama niliona wanafikiri. Kwenye Hisabati nimeuona uso huo mara chache.

Jumatano, 13 Machi

Wamewahi darasani kabla ya kengele. Kwangu hawajawahi kufanya hivyo.

Jumatatu, 18 Machi

Leo somo lilinirudisha nyumbani kwangu, kwenye Hisabati. Ripoti inasema kasi ya maji ilikuwa mita mbili kwa sekunde. Kituo cha juu cha kupimia mto kiko kilomita kumi na nane kutoka darajani, na kina cha maji kilifika kileleni saa tano na nusu asubuhi. Nikawaambia wakokotoe maji yalifika darajani saa ngapi. Walipata saa nane mchana. Riwaya inasema saa kumi. Ripoti inasema saa nane na nusu. Wakili akasimama kulitangazia darasa kwamba ripoti imekaribia zaidi. Rula akasema riwaya imechelewesha maji ili watoto wapate muda wa kutoka shule na kuwa njiani. Akafungua ukurasa akatuonyesha. Kwa hiyo mwandishi anaweza kukosea saa kwa makusudi, na akawa na sababu. Sikuwahi kulifikiria hilo maishani mwangu.

Nilirudi nyumbani nimechangamka mpaka mke wangu akauliza nani kafunga ndoa.

Alhamisi, 21 Machi

Sura ya sita. Nilimchagua Rula asome kwa sauti, maana sauti yake hushinda mvua. Ni ile sura ya mlinzi wa daraja. Kazi yake ilikuwa kuangalia mto, na maji yakifika alama nyekundu kwenye nguzo, apige kengele watu wa chini wakimbie. Mwandishi anasema alikuwa amekula akashiba, akalala kwenye kiti chake, kofia usoni, na kengele haikupigwa.

Rula alisoma aya yote mpaka nukta. Akaiweka rula yake kati ya kurasa, akafunga kitabu, akaketi. Nyuma kuna aliyecheka na kutamka neno ambalo sikulisikia. Niliendelea na somo.

Ijumaa, 22 Machi

Rula hakuja. Mvua.

Jumatatu, 25 Machi

Rula hakuja.

Jumanne, 26 Machi

Mama yake amekuja shuleni. Ni fundi cherehani, ana kibanda mkabala na posta. Alifika na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni; nadhani aliinuka tu kwenye kiti akaondoka. Hakupandisha sauti hata mara moja, na ingekuwa nafuu kwangu kama angepandisha.

Alinieleza kwamba yule mlinzi wa daraja ni baba yake mzazi. Riwaya haimtaji kwa jina, lakini daraja lilikuwa moja na mlinzi mmoja. Mafuriko yalipokuja fundi hakuwa ametimiza mwaka. Ripoti ilipotoka baba alifukuzwa kazi, na akafariki binti yake akiwa na miaka mitatu. Shuleni walimwita binti huyo Mlalaji. Siku ya harusi yake alimsikia shangazi mmoja wa upande wa mume akimnong'onezea mwenzake neno hilo hilo jikoni. Miaka ilipita, watu wakaanza kusahau. Kisha riwaya ikatoka, miaka ishirini iliyopita, wakakumbushwa. Rula ni kitinda mimba wake. Alidhani kwa huyu jambo litakuwa limekwisha.

"Alhamisi kaja kaniuliza kama ni kweli," akasema. "Mwalimu, nilikuwa na pini mdomoni. Nilizitoa moja moja ili nipate muda wa kufikiri, na bado sikupata la kumwambia. Baba yangu mimi simkumbuki. Hata picha hatuna."

Aliniomba kitu kimoja tu: mtoto wake asomeshwe kitabu kingine.

Nilimwomba radhi. Nilitaka kusema sikujua, nikaona kwamba mtu aliyekaa wiki tatu akiwafundisha watoto kuuliza nani hakusemwa hana haki ya kujitetea kwa kutojua. Mkuu wa shule, nilipompelekea habari, akasema orodha ya wizara ina riwaya nyingine, nibadilishe, yaishe. Na ukweli ni kwamba nilishusha pumzi. Nyumbani nikamweleza mke wangu kuwa jambo limepata suluhisho. Akaniuliza kama kuna mtu yeyote aliyemuuliza mtoto.

Jumatano, 27 Machi

Rula amekuja, amevaa sweta juu ya sare, kitabu kifuani. Nilimwita barazani nikamwambia anaweza kusoma riwaya nyingine, na mtihani ataufanya bila kupoteza alama.

"Mwalimu," akasema, "nisipokisoma mimi, watanisomea wao."

Akaniuliza kama anaweza kuazima zile kurasa tisa za ripoti mpaka kesho, na kama mama yake nitazungumza naye mimi au yeye. Nikasema twende wote. Tulikwenda baada ya vipindi. Fundi alimtazama bintiye, akasema, "Haya. Lakini na mimi mtaniambia mtakachokikuta. Kizuri na kibaya." Kisha akawasha cherehani tukajua tumeruhusiwa kuondoka.

Alhamisi, 28 Machi

Asubuhi, kabla sijavua koti la mvua, Rula alikuwa mezani pangu. Katika kurasa zote tisa alikuwa amepigia mstari neno moja. Ripoti inasema: kengele ya daraja haikusikika na wakazi wa mtaa wa chini. Akaweka riwaya kando yake. Riwaya inasema: kengele haikupigwa.

"Haya ni maneno mawili, Mwalimu."

Miaka ishirini na miwili nawafokea watoto wa watu kwamba "si kubwa kuliko" haina maana sawa na "ni ndogo kuliko." Ukurasa huo nilikuwa nimeusoma mara nne. Sikuliona.

Jumatatu, 1 Aprili

Nimeandika maneno yale mawili ubaoni, sikusema ni nani aliyeyagundua. Wakaelewa wenyewe. Wakili alisema neno moja kwenye ripoti halimtoi mtu hatiani. Pengine aliyeandika alikuwa anatafuta lugha ya adabu tu. Rula akasema hilo linawezekana. Hakukasirika. Nilitamani nimkasirikie Wakili mimi kwa niaba yake.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua imeanza saa tatu na robo. Mvua ya leo haikuwa ya kawaida. Ilishuka juu ya bati kama watu wanamwaga kokoto. Nilifundisha kwa kupaza sauti, kisha kwa kupiga kelele, mwisho nikaacha nikawa naandika tu ubaoni. Wakili, ambaye njaa humpata kwa saa, akaanza kunionyesha saa yake ya mkononi. Nikamwandikia ubaoni: kengele bado. Akaandika kwenye daftari kwa herufi kubwa akaniinulia: imepita dakika kumi na mbili.

Mlango ukafunguka, akaingia mpiga kengele wetu, maji yakimchuruzika mpaka kwenye soksi. Alikuja kuuliza kwa nini darasa langu halitoki, watu wengine wanasubiri chumba. Nikamwambia hajapiga kengele. Akaapa kwa mama yake kwamba amepiga mara mbili, na mara ya pili ameipiga mpaka mkono umechoka.

Kengele hiyo imening'inia hatua arobaini kutoka darasani.

Hakuna aliyecheka. Niliona jambo lile likitembea darasani kutoka dawati hadi dawati, vichwa vikigeuka kimoja kimoja kumtazama Rula. Wa mwisho kugeuka alikuwa Wakili. Akainuka, akaenda mbele ya dawati la Rula, na kwa kuwa mvua haikuruhusu maneno, akaandika kwenye daftari lake akamwonyesha. Sikuona aliandika nini. Rula alisoma, akatikisa kichwa kukubali, na Wakili akarudi kuketi. Baadaye nilikuja kujua kwamba ndiye aliyetamka neno Mlalaji siku ile ya sura ya sita.

Mtaa wa chini, nyumba zote zilikuwa za bati. Picha ya gazeti inaonyesha. Kutoka darajani hadi nyumba ya kwanza ni mita mia tatu.

Alhamisi, 4 Aprili

Nilipita kwa mwalimu wa Fasihi kumweleza. Alisikiliza huku akimbembeleza mtoto, kisha akasema jambo lililonipunguza kasi: tumethibitisha kuwa kengele yaweza kupigwa isisikike. Kama ilipigwa, hilo bado. Mimi ndiye nilipaswa kusema hivyo. Furaha ilikuwa imenifanya mwanafasihi mbaya na mwanahisabati mbaya kwa wakati mmoja.

Jumanne, 9 Aprili

Rula ameuliza: kama mlinzi alikuwa darajani maji yalipofika, aliumia? Na kama aliumia, alitibiwa wapi? Hospitali ni moja tu mjini, ya zamani ni hiyo hiyo.

Ijumaa, 12 Aprili

Tumekwenda hospitali, mimi, Rula, Wakili na fundi. Fundi tulimhitaji kwa sababu rejesta ya mgonjwa haifunguliwi kwa mtu baki, hata baada ya nusu karne, na ndugu wa damu ni yeye. Alifunga kibanda asubuhi nzima ili aje kutia sahihi.

Mtunza kumbukumbu ni mzee mwenye jozi mbili za miwani, moja ya kusomea na nyingine ya kuitafutia ile ya kwanza. Chumba chake kiko chini ya ngazi. Rejesta zimepangwa kwa mwaka, kila moja imefungwa kwa kitambaa alichokifua mwenyewe. Aliniambia amewahi kuamriwa mara mbili azichome za zamani ili kupata nafasi, na mara zote mbili aliugua wiki hiyo. Alitupa glavu za kitambaa, akafungua rejesta ya mwaka ule, akapitisha kidole hewani juu ya mistari bila kuigusa. Watu wa mafuriko wanachukua kurasa sita. Kwenye ukurasa wa nne akasimama.

Akasoma kwa sauti ya kazi, kama anavyosoma siku zote: mwanamume, miaka thelathini na minne, mlinzi wa daraja, viganja vyote viwili vimechunika hadi nyama, kamba, amesafishwa na kufungwa, ameruhusiwa kwenda nyumbani.

Fundi aliomba arudie. Akarudia. Akaomba mara ya tatu, na yule mzee, ambaye tulikuwa tumeambiwa hana subira, akarudia kama mara ya kwanza. Kisha fundi akavua glavu, akajitazama viganja vyake, akavificha ndani ya kanga.

Jumatatu, 15 Aprili

Darasa lilikuwa kama mahakama. Nilimwachia Rula ubao. Alisimamia upande wa babu yake kwa dakika kumi, bila kutaja kuwa ni babu yake: neno haikusikika, mvua, bati, mita mia tatu, viganja na kamba. Kengele ya daraja ilivutwa kwa kamba, picha inaionyesha.

Wakili akasimama. Nilijua anachotaka kusema na nilimwomba Mungu asiseme. Akasema kamba zilikuwa nyingi siku ile. Watu walivutwa kutoka majini kwa kamba. Viganja vinaweza kuchunika kwa kuokoa watu baada ya kulala vile vile kama kwa kupiga kengele kabla. Alisema huku ametazama chini, na alisema kwa sababu ni kweli.

Rula alichukua chaki. Upande wa katikati akaandika: alikuwa pale, mikono yake ilivuta kamba mpaka ikachunika. Upande wa kulia, penye hakuna aliyesema, akaandika: kamba ipi.

"Sitaki awe shujaa," akatuambia. "Nataka ile sentensi isiwe ya mwisho."

Nimefundisha wanafunzi walioshinda mashindano ya Hisabati ya mkoa mzima. Hakuna aliyewahi kuandika dhidi ya jambo analolitamani kwa mkono wake mwenyewe, ubaoni, mbele ya watu. Nilijifanya napangusa miwani.

Alhamisi, 18 Aprili

Wamemwandikia mwandishi barua. Rasimu saba. Ya kwanza ilikuwa ya Wakili na ilianza na neno "Tunakutaka ueleze." Ya saba ni ya Rula, ukurasa mmoja, inasema tulichokikuta, inamshukuru kwa dada wawili na mwiko wao, na inamuuliza alipata wapi habari kwamba mlinzi alilala. Wameambatisha nakala ya ukurasa wa rejesta, kwa idhini ya fundi. Mkuu wa shule aliisoma kusudi aikatae. Alimaliza, akaitia muhuri.

Jumatatu, 29 Aprili

Hakuna jibu. Mvua zimepungua.

Ijumaa, 3 Mei

Hakuna jibu. Mtihani wa muhula. Swali la tatu: linganisha riwaya uliyosoma na vyanzo vya tukio lake. Rula aliomba karatasi ya ziada mara mbili, Wakili mara tatu.

Jumatano, 8 Mei

Barua imefika, mwandiko wa mkono, wino wa buluu. Nilimpa Rula aifungue. Aliisoma kimya kwanza, kisha akatusomea.

Mwandishi anasema siku ya mafuriko alikuwa na miaka kumi, na mama yake ni mmoja wa wale thelathini na mmoja. Ripoti aliisoma akiwa mtu mzima. Nanakili hapa mistari michache kama ilivyo:

"Neno mlilolipigia mstari nililiona. Nikaliruka. Mto haushtakiwi, na mvua haina uso. Nilihitaji mtu awe amelala. Hakuna aliyeniambia kwamba alilala, na katika miaka ishirini hakuna aliyeniuliza, mpaka ninyi."

Mwisho anaomba kuja kutuona, kama familia ya mlinzi itakubali. Hatatoa hotuba.

Nilikuwa nimeandaa hasira yangu kwa mama huyu mwandishi tangu mwezi wa tatu. Nimeitafuta leo, siioni. Kulikiri kosa la kitabu ambacho watu wamekusifia kwa miaka ishirini, na kulikiri kwa watoto wa kidato cha tatu, si jambo dogo.

Alhamisi, 9 Mei

Rula amempelekea mama yake barua. Fundi ameisoma na kuiweka kwenye droo ya vifungo. Hajasema ndiyo wala siyo.

Jumanne, 14 Mei

Bado.

Alhamisi, 16 Mei

Fundi amepita shuleni, amesimama getini tu, hakuingia. Akaniambia huyo mama mwandishi aje kesho, watoto wametaka. Yeye ana nguo za watu za kumaliza, hana hakika kama atafika. Nikasema nimemwelewa.

Ijumaa, 17 Mei

Mwandishi alikuja saa tatu, peke yake, na mkongojo, nyonga yake moja ni mbovu. Ni mwanamke mdogo wa umbo kuliko nilivyomfikiria. Alikataa kiti cha mwalimu, akaketi kwenye dawati la pili kati ya wanafunzi wawili, mkoba magotini. Mwalimu wa Fasihi naye alikuja, amembeba mtoto mgongoni, akasimama karibu na dirisha. Alinitazama namna ambayo nitaikumbuka.

Rula aliongoza somo kutoka mwanzo hadi mwisho. Sehemu ya kushoto, ya katikati, ya kulia. Alipofika kwenye rejesta, mwandishi aliomba kuishika nakala. Aliisoma, akaiweka chini, akaisoma tena. Akasema kwamba viganja hivi angevijua, kitabu kingekuwa kingine. Kisha akajisahihisha: alisema hapana, asingeviamini; alikuwa bado ana njaa ya mtu wa kulaumu.

Hatukumsikia fundi alipoingia. Alikuwa mlangoni, amevaa nguo za kutokea, nywele zimefungwa vizuri. Mwandishi alipomwona alijaribu kuinuka, fundi akamwonyesha kwa mkono akae.

"Mdogo wangu," mwandishi akasema, "nilimlaza baba yako kwa kalamu. Sijui namna ya kumwamsha."

Fundi alipita katikati ya madawati, akafika, akaketi kando yake. Mwanafunzi aliyekuwa pale alikuwa tayari ameinuka. Nilidhani sasa atasema yote, miaka yote ile, jikoni na shuleni na harusini. Nilikuwa nimejiandaa kuwatoa watoto nje.

"Dada," akasema, "wewe ulikuwa na miaka kumi. Mimi nilikuwa mgongoni. Ulimwona?"

Mwandishi akasema alimwona kila siku, akienda shule na akirudi.

"Alikuwa mrefu?"

"Alikuwa mfupi. Mfupi na mpana." Akapima upana kwa mikono. "Sisi wadogo tulikuwa hatufikii ukingo wa daraja. Alikuwa anatuinua mmoja mmoja tuone maji, halafu anatuweka chini. Hilo sikuliandika. Lingeniharibia kitabu."

Fundi alifunga macho. Rula alikuwa bado ubaoni na chaki mkononi, na hakuandika chochote. Wakili alikuwa ameinamisha uso kwenye mikono yake. Mtoto mgongoni kwa mwalimu wa Fasihi akakohoa, akatulia.

Fundi alipofungua macho aliuliza kama baba yake alikuwa na sauti nzito. Mwandishi akasema nyembamba, ya kuchekesha kwa mtu mpana vile. Akauliza kama alikuwa anaimba. Akasema hapana, alikuwa anapiga mluzi, na vibaya. Fundi akacheka, kicheko cha ghafla, akajifunika mdomo. Kisha akauliza taratibu, kama mtu anayeogopa kuwa ameomba mno:

"Alikuwa anatembeaje?"

Mwandishi akafikiri. Akaegemeza mkongojo wake kwenye dawati, akashika bega la Rula, aliyekuja kumsaidia, mpaka akasimama sawasawa, akatuonyesha.